Shingo za Wanawake na Saa za Sala

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimechelewa, na vidole vyangu vilikuwa bado vinateleza mafuta ya mawese. Nilikuwa msusi wa nywele katika mtaa wetu wa Waislamu pale Kasongo, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeanza kichwa cha bibi harusi ambacho sikuweza kukiacha nusu. Polisi wa sefu, yaani wa chifu wetu, alisimama mlangoni akanisubiri nimalize mistari ya mwisho, huku akinung'unika kwamba muzungu atamkasirikia yeye, si mimi. Nilinawa haraka, nikajifunga kikwembe safi, nikamkabidhi mama mkwe wangu binti yangu mdogo, nikamfuata.

Muzungu mwenyewe tulimwita Bwana Shingo. Cheo chake kilikuwa ajenti saniteri, yaani Mbelgiji ambaye hakuwa daktari lakini aliongoza kikosi cha malale. Ninyi mliozaliwa juzi pengine hamjui malale. Ni ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, yule nzi mwenye kuuma anayekaa kandokando ya mito. Huingia polepole, na mtu anaweza kuubeba miaka mingi akiwa analima na kucheka kama kawaida. Mara nyingi dalili ya mwanzo ni tezi zinazovimba nyuma ya shingo. Kwa hiyo kikosi kilipofika mahali, watu wote walipangwa mstari wakapapaswa shingo mmoja mmoja. Aliyekutwa na tezi alichomwa sindano palepale, maji kidogo yakavutwa kutoka ndani yake, na maji hayo yakatazamwa kwa mikroskopi kuona kama yana mdudu.

Wanaume walipapaswa bila shida. Wanawake wa mtaa wetu walikataa kufunua shingo mbele ya mainfirmie, yaani wauguzi, wanaume. Polisi waliwavuta wawili kwa nguvu, na mchana huo mtaa mzima ukafunga milango. Ndipo mwalimu wa msikiti alipokwenda kwa Bwana Shingo akamwambia, “Tafuta mwanamke. Ninamjua mmoja ambaye anashika shingo za wake zetu kila mara, wala hakuna anayelalamika.”

Bwana Shingo hakunipa mtihani wa maneno. Alikunja kitambaa kizito, akaficha kunde ndani ya mikunjo yake, akakiweka mezani. “Tafuta,” akasema.

Nilizipata zote kabla hajamaliza kuwasha kiko chake. Akanitazama.

“Namna gani unajua?”

“Bwana, kwenye kichwa cha mutu kunapatikana vingi kuliko kunde.”

Alicheka, na kwa kicheko hicho nikawa mpapasaji wa kikosi. Lakini mimi tangu utoto ni mtu wa kuuliza, na sikuweza kuondoka bila kuuliza. “Bwana, kwa nini shingo? Huyo mududu anatafuta nini pale?”

“Wewe papasa tu,” akajibu. “Maulizo hapana.”

Basi nilipapasa. Wanawake waliingia mmoja mmoja nyuma ya pazia la turubai. Niliwasalimu, nikawauliza habari za watoto, nikapitisha vidole chini ya kilemba, kutoka nyuma ya sikio hadi begani. Tezi ya malale ni laini na inakimbia chini ya kidole, haina maumivu. Tezi ya kidonda cha kichwa ni ngumu na mwenyewe anaruka ukiigusa. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya mwanzo, na ilitosha.

Kilichonishinda hakikuwa kazi bali siku. Kengele ya kikosi ililia jua likichomoza, na haikujua adhuhuri wala mtoto anayenyonya. Nilikuwa na mabinti wawili, Zaina na mdogo wake. Nilikuwa na mume, Juma, fundi cherehani mwenye kibanda sokoni, na vichwa vya watu vilivyokuwa vinanisubiri nyumbani nivisuke. Wiki za kwanza nilikuwa mtu wa kukimbia. Uji uliungua. Mchele ulichelewa kutwangwa. Adhuhuri niliirukia kama mtu anayeruka kijito, nikisujudu huku moyoni ninaona mstari wa wanawake.

Mama mkwe wangu aliyaona hayo yote. Jina lake lilikuwa Bibi Mauwa, mwanamke mwembamba, mjane, aliyekuwa amehifadhi sura nyingi za Kurani kwa kumsikiliza baba yake akifundisha. Katika nyumba yetu hakukuwa na saa ya ukutani. Saa ilikuwa yeye. Alitazama kivuli cha nguzo ya baraza akasema, “Alasiri imeingia,” na muda mfupi baadaye sauti ya mwadhini ilimfuata.

Siku moja alinisubiri nitoe salamu ya mwisho ya sala. “Mama Zaina, ulikuwa unasali au ulikuwa unakimbia?”

“Nilikuwa ninasali, mama.”

“Nimeona rukuu yako. Haikufika.” Akanikalisha kwenye mkeka, na mimi nikafikiri ninakwenda kukatazwa kazi. Badala yake aliuliza swali ambalo nimelibeba maisha yangu yote. “Niambie kazi zako. Ni ipi inayotaka mikono yako wewe, na ni ipi inayotaka mikono tu?”

Tulikaa tukizipitia. Kunyonyesha kulitaka mimi. Shingo za wanawake zilitaka mimi. Sala ilinitaka mimi mzima. Kutwanga kulitaka mikono tu, na mchi haujali ni mkono wa nani. Maji ya mtoni vilevile. “Basi hizo nyingine niachie,” akasema. “Na usiipachike sala kwenye nafasi inayobaki kati ya kazi. Ianze yenyewe, kisha kazi zikae mahali zinapoweza.”

Tangu siku hiyo niligawa mchana kwa sala. Nikitoka kwenye alfajiri niliwasha moto, nikanyonyesha, nikachemsha uji, nikaondoka kengele ikilia. Shingo zilikuwa za tangu kengele hadi adhuhuri, kwa sababu mikroskopi yenyewe ilitegemea jua kwenye kioo chake na maji ya tezi hayakungoja. Yakikauka, mdudu amekufa na huoni kitu. Adhuhuri niliisali nyuma ya jumba la wasafiri, ambamo kikosi kilifanyia kazi, na kwa kuwa mikono ya kazi hugusa damu, nilibeba kikwembe cha pili kilichokunjwa peke yake kwa ajili ya sala tu. Nilimwuliza mwalimu kama ninaweza kuikusanya adhuhuri na alasiri nipate nafasi. Alinijibu kwamba safarini ndiyo, lakini hapa mjini, mtu akiwa kwake, kila moja na wakati wake. Kati ya adhuhuri na alasiri nilipika, bugali au wali, na sombe, majani ya mihogo ambayo Bibi Mauwa alikuwa amekwisha kuitwanga. Baada ya alasiri nilisuka, na kusuka ndiko kulikokuwa pumziko langu, maana wanawake walizungumza na mimi nikasikiliza. Baada ya isha sikufanya kitu chochote. Hilo Bibi Mauwa alilisisitiza kuliko yote. “Mutu asiyelala hana siku,” alikuwa akisema, “anayo mchana mmoja mrefu tu.”

Siku ile mtaa wetu ulipopapaswa, yeye mwenyewe alikuja kwenye pazia kama wengine. Alipoona ni mimi, alirudi nyuma. “Shingo yangu ishikwe na muke wa mwanangu mbele ya watu? Haiwezekani.” Nilimwambia Bwana Shingo kwamba mmoja amekataa. Akachungulia, akaona kizee kinachoshika tasbihi, akapunga mkono apite. Wazee wasiokwenda tena mashambani wala mtoni, alisema bila kuuliza kama huyu anakwenda, mbung'o hawawapati.

Baada ya misimu miwili au mitatu ya mvua, kikosi kilipewa kazi upande wa Kabambare, na ingechukua miezi. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Siku ile Juma alizungusha tu gurudumu la cherehani bila kitambaa. Hakupenda, lakini hakutaka kukataa, kwa sababu alikuwa ameona mwanamke jirani yetu akipona. Bibi Mauwa ndiye aliyekata shauri.

“Mimi nitakwenda naye. Watoto nitawachunga mimi, na wewe Juma utakula kwa dada yako. Muke wa mutu hasafiri peke yake, na mimi siyo mutu wa kuogopa barabara.”

Tulipanda juu ya mizigo ya kamyo, lori la kikosi, watoto, vyungu, mchi, na Bibi Mauwa katikati kama malkia. Alishangaa kila mto na akataka kujua jina la kila kijiji. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Nikafahamu kwamba ile tabia yangu ya kuuliza ilikuwa imepata mwenzake.

Kabambare tulipewa nyumba ndogo ya matofali mabichi karibu na zahanati. Wanawake wa huko, Wabangubangu, wengine Wakristo na wengine Waislamu, walikuja kwenye pazia langu bila ubishi mwingi. Walipenda kuniuliza kwa nini ninaosha miguu mara nyingi hivyo wakati nitaikanyagisha tena vumbi, na mimi niliwauliza jinsi wanavyohifadhi mihogo isioze. Mkubwa wangu wa karibu huko alikuwa infirmie Anselme, mwenyeji wa kandokando ya Lusangi, Mkristo, mtu mpole mwenye miwani. Yeye ndiye aliyekaa kwenye mikroskopi. Bwana Shingo alikuwa haruhusu mwingine aikaribie, lakini Anselme hakukatazwa kujibu maswali.

“Infirmie, huyo mududu ana mkia?”

“Ana.”

“Anaona?”

“Mama Zaina, hata mimi bado sijamuuliza.”

“Anajuaje kwamba pale ni shingoni?”

Aliweka chini kioo chake. “Watu wote wananiuliza kama watapona. Wewe peke yako unauliza kuhusu mududu.” Kisha akanieleza yote aliyojua: kwamba mdudu huogelea kwanza kwenye damu na kwenye tezi, na baada ya muda mrefu huvuka akaingia kwenye maji ya uti wa mgongo na kichwani. Hapo ndipo usingizi wenyewe unapoharibika. Si kwamba mgonjwa hulala kupita kiasi tu, alisema. Usingizi wake unapotea njia. Mchana anasinzia, na giza likiingia anakaa macho. Nililishika neno hilo bila kujua nitalihitaji.

Mwezi wa Ramadhani ulitukuta huko. Nilifunga nikifanya kazi, na haikuwa ngumu kama nilivyoogopa, maana Bibi Mauwa alikuwa amepanga nyumba na tumbo langu kwa pamoja. Yeye ndiye aliyetuamsha kwa daku, tukala kabla ya alfajiri kuingia. Hakuwahi kukosea, hata mara moja, tangu nilipoolewa.

Kisha asubuhi moja niliamshwa na jua usoni. Hatukuwa tumekula daku, alfajiri ilikuwa imepita, na Bibi Mauwa alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka wake, macho wazi, tasbihi mkononi.

“Mama, hukutuamsha?”

“Nilikuwa ninangoja alfajiri,” akasema. “Bado haijaingia.” Na jua lilikuwa limejaa mlangoni.

Nilifikiri ni saumu na uzee. Lakini nilipoanza kutazama, sikuweza kuacha. Mchana aliposhika ungo wa kupepeta mchele, mikono ilisimama katikati na kidevu kikaanguka kifuani. Alitia chumvi mara mbili. Zaina aliniambia kwamba bibi amemfokea kwa kucheka, mwanamke ambaye hakuwahi kumfokea mtoto. Jambo lililonitia baridi zaidi lilikuwa dogo. Siku moja alasiri kivuli cha nguzo kilikuwa kimelala mbele yake, naye akaniuliza, “Jua limekwisha kupinduka?”

Nilijaribu kumwomba. “Mama, niruhusu nikuguse shingo. Iko kazi yangu.”

“Shingo yangu ni nzima. Umechoka wewe, ndiyo maana unaona malale kila mahali.” Macho yake yaliniambia jambo jingine. Aliogopa, na nilijua anachoogopa. Pembeni ya mji kulikuwa na lazareti, kambi ya wagonjwa ambao mdudu ameingia kichwani. Watu waliopelekwa huko walikaa mbali na ndugu, na wengi hawakurudi.

Ikaja siku ya kukesha Idi. Huko Kasongo nywele zake zilisukwa na dada yake. Kabambare hapakuwa na ndugu, na Bibi Mauwa hakuweza kuipokea Idi na kichwa kisichosukwa. Alihangaika nyumbani mchana kutwa. Mwishowe akachukua kibakuli cha mafuta, akakiweka mbele yangu bila kunitazama.

“Wewe si mususi? Suka, basi.”

Mama mkwe hawezi kukaa chini kati ya magoti ya mke wa mwanawe. Kwa hiyo yeye alikaa kwenye kiti na mimi nikasimama nyuma yake. Nilitia mafuta, nikagawa nywele, nikaanza kutoka paji la uso. Sikukimbia. Nilifuata mstari mmoja mmoja nikirudi nyuma, na yeye akawa ananisimulia Idi za utoto wake, baba yake, kanzu nyeupe za wanaume wakitoka msikitini. Vidole vyangu vilifika kisogoni, vikashuka. Pale chini ya nywele za mwisho, upande wa kushoto, kitu laini kilikimbia chini ya kidole. Nyuma yake kingine.

Nilitaka kuendelea kusuka, lakini mikono haikutaka.

“Vidole vyako vimesimama,” akasema.

“Ninapanga mistari, mama.”

“Usinidanganye siku ya kukesha Idi. Iko?”

“Iko, mama.”

Alisubiri nimalize msuko ule. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Kwa hiyo siyo uzee. Mimi nilikuwa ninafikiri Mungu amenisahaulisha saa zake.” Nilizunguka nikapiga magoti mbele yake, na tulilia pamoja, yeye na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia nyumbani kwake. “Tusali kwanza Idi,” akasema akijifuta. “Kisha unipeleke kwa infirmie wako.”

Kesho yake, tulipotoka kwenye sala, tukaenda moja kwa moja bado tumevaa nguo za sikukuu. Anselme alimwita “mama,” akamwomba ruhusa kabla ya kumgusa, akachoma, akavuta tone. Aliinama kwenye mikroskopi kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Kisha akainuka akatazama mlangoni. Bwana Shingo hakuwapo.

“Mama Zaina,” akasema, “njoo utazame. Huyu ni wako.”

Nilifumba jicho moja. Mwanzo niliona mwangaza tu. Kisha vikaja vitu vya mviringo, vingi, vimetulia kama sahani. Na katikati yao kitu chembamba kikapita kikijikunjakunja, kikizisukuma zile sahani kushoto na kulia, hakipumziki. Nitawaambia ukweli: kabla ya kuogopa, nilifurahi. Kilikuwa kizuri. Miaka yote ile nilikuwa ninapapasa malango ya nyumba yake, na sasa nilimwona mwenyewe akicheza ndani. Kisha nikakumbuka yuko ndani ya nani.

Bwana Shingo aliporudi hakukasirika. Alisema Bibi Mauwa arudishwe Kasongo, Munganga, yaani daktari wa hospitali, amvute maji ya mgongo. “Kama mududu iko ndani kabisa, lazareti. Kama iko mlangoni, sindano, na analala kwake. Lakini kikosi kinakwenda Lusangi. Wewe unabaki na kikosi.”

“Bwana, huyu mama hawezi kwenda peke yake.”

“Iko na mutoto wake, fundi.”

“Mutoto wake ni mwanamume. Hawezi kumwogesha. Na mimi kazi hii nimeifanya kwa sababu yeye alishika nyumba. Sasa nyumba yenyewe imeanguka.”

“Basi nitatafuta mwanamke mwingine.”

“Tafuta, Bwana. Nitamfundisha kabla ya kuondoka.”

Alinitazama sana. Sidhani alikuwa amewahi kufikiri nani alikuwa anatwanga nyumbani kwangu wakati mimi ninapapasa. Akavuta kiko, akaenda mwenyewe kuongea na dereva wa kamyo ya mpunga, na tukapata nafasi mbele, karibu na dereva, ambapo hapatikisiki sana. Mwanamke aliyenirithi alikuwa Mbangubangu mmoja, mfinyanzi wa vyungu. Vidole vyake vilijifunza haraka.

Kasongo, Munganga alivuta maji ya mgongo. Mimi nilimshika Bibi Mauwa, amelala ubavu amejikunja kama mtoto, akisoma sura kwa sauti ya chini. Jibu lilikuja la katikati: mdudu alikuwa ameanza kuvuka. Palikuwa na dawa ya kumfuata kule, sindano ya kila wiki kwa muda mrefu, naye angelala kwake, si lazareti, lakini dawa hiyo wakati mwingine hula macho. Munganga alilieleza jambo hilo taratibu, na nilimheshimu kwa kutolificha.

Bibi Mauwa aliuliza, “Nikikataa?”

“Usingizi utaendelea mpaka mwisho, mama.”

“Na nikikubali, ninaweza kuwa kipofu.”

“Inawezekana. Siyo lazima.”

Alifikiri. “Sura zangu ziko kifuani, sizisomi kwa macho. Lakini kusali ninahitaji kuwa macho. Chomeni.”

Hapo maisha yetu yalipangwa upya kutoka mwanzo. Juma, bila kuombwa, alihamisha cherehani kutoka sokoni akaiweka kwenye baraza yetu. “Nguo zinashonwa popote,” alisema, na kumbe alikuwa amekaa pale ili mama yake asiinuke akatembea akaanguka mtoni. Wateja walimtania kwamba amekuwa muke. Aliwapima mabega akaendelea kushona. Alijifunza kusonga bugali, mbaya mwanzoni, mzuri baadaye. Zaina alianza kubeba maji. Na mimi, nilipokuwa ninampeleka Bibi Mauwa kwenye sindano, niliona wanawake wagonjwa wakifukuzwa kwa kuchelewa, kwa sababu mstari ulifungwa mapema na wao walikuwa bado mtoni.

Nilimwambia Munganga. Alikuwa mtu wa kusikiliza, akaniuliza maswali mengi kuhusu asubuhi ya mwanamke: anaamka lini, anapita wapi, nani anabaki na mtoto. Nafikiri hakuwahi kupata mtu wa kumwuliza. Alikataa nusu ya niliyoomba, kwa kuwa dawa ikichanganywa haikai. Nusu nyingine alikubali: wanaume wakatangulizwa, wanawake wakaja jua likiwa limepanda, wakamaliza kabla ya adhuhuri. Kisha akanipa kazi ya kuwashika wanawake wakati wa maji ya mgongo. Nikawa msaidizi wa hospitali, na nilibaki hapo.

Usingizi wa Bibi Mauwa ulirudi mahali pake polepole, kama mgeni anayeona haya. Siku moja aliacha kusinzia juu ya ungo. Siku nyingine alimwomba Zaina msamaha, na mtoto hakujua anaombwa msamaha wa nini. Macho yake yalififia, si giza kabisa, ila ukungu. Hakuweza tena kuona kivuli cha nguzo, kwa hiyo aliwauliza wajukuu jua liko wapi, na wao wakabishana mpaka wakakubaliana, na kwa njia hiyo wote walijifunza nyakati za sala kuliko walivyofundishwa katika chuo cha Kurani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikufa kwake, kitandani kwake, mchana, tumekaa naye.

Wabelgiji waliondoka. Bwana Shingo aliondoka pia, na Munganga, na kikosi kikatawanyika. Anselme alirudi upande wa kwao Lusangi na nilimsikia amekuwa mkubwa wa zahanati. Mimi niliendelea hospitalini chini ya wakubwa wengine, wazuri na wabaya, mpaka magoti yaliponikataza kusimama. Sikuwahi kupata jibu kwa nini mdudu yule anapenda shingo. Bado ninatamani kujua, na nikikutana na kijana aliyesoma uganga ninamwuliza. Kila mmoja ananipa jibu tofauti kidogo.

Siku hizi wasichana wa msikitini hunijia. Wana kazi, wana shule, wana watoto, wana waume, wanataka niwaambie nilivyopanga muda wangu. Wanafikiri nina siri. Ninawaambia mambo ya alfajiri na adhuhuri, ya kikwembe cha pili, ya kutofanya kitu baada ya isha, na wanafurahi, maana ni mambo yanayoweza kufuatwa. Lakini sehemu kubwa ya muda niliosifiwa haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanamke mmoja aliyenipa wake kimyakimya, naye alikuwa mgonjwa.

Kwa hiyo ninamalizia kwa kuwaambia hivi. Asubuhi, kabla ya kumkabidhi mtoto wako kwa yule anayekushikia nyumba, awe mama yako, mama mkwe, dada au msichana wa kazi, muulize, “Umelalaje?” Sisi wote tunaiuliza, ni salamu, na tunapita mbio. Wewe usipite. Simama hapo mlangoni hata ukichelewa, umtazame usoni, ungoje akujibu.